Mota Mbili za Mzee Mwishehe

Mzee Mwishehe wa Tandika alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, na kazi yake ilikuwa moja tu: kubadili njia. Akivuta mkono wa chuma, ndimi za reli zinasogea, treni inaingia kushoto au kulia. Alipostaafu akajitengenezea reli yake ndogo mezani, pale pale sebuleni, na treni ndefu kama mkono wako mpaka kiwiko.

Ilikuwa raha tupu, mpaka vidole vikaanza kutetemeka. Akisukuma ule ulimi mdogo haufiki mwisho, treni inaanguka. Ikaanguka Jumatatu, ikaanguka tena Alhamisi.

"Mama Nusaiba," akamwambia mkewe, "wiki hii ikishindikana, meza naigawa."

Mkewe, Bi Tunu, alizoea kuchambua mchele kwenye pembe ya meza hiyo hiyo. "Na mie nitachambulia wapi? Muite Elibariki."

Elibariki, fundi redio wa mtaa wa pili, akaja na mota mbili za kusukumia ulimi wa reli.

"Shikamoo mzee. Hii ni teke la punda. Unabonyeza, ta, imeshafika. Hii nyingine inatembea kama bibi harusi, ila ina kitaa cha kijani. Hakiwaki mpaka ulimi ubane kabisa."

"Marahaba. Funga punda. Mie sina umri wa kungoja bibi harusi."

Akabonyeza. Ta. Treni ikaja, ikaanguka.

"Lakini si imelia?" mzee akauliza.

"Kulia imelia."

Wakafunga ya pili. Ikaguna taratibu, ikasita. Kitaa hakikuwaka. Elibariki akataka kuigonga, mzee akamshika mkono.

"Iache. Kazini kwetu, hujaona ulimi umebana, treni huiruhusu. Nimetembea na taa kwenye mvua miaka yote ile, kwenda kuangalia tu."

Akavaa miwani, akainama. Kati ya ulimi na reli imelala punje ya mchele.

Wanaume wote wawili wakamgeukia Bi Tunu.

"Msinitazame hivyo," akasema, macho kwenye ungo. "Bila mie mngejuaje ipi ina akili?"

Punje ikachokolewa kwa sindano. Kitaa kikawaka kijani, treni ikapita. Mzee akaizungusha mara nane, kidole kikitetemeka juu ya kitufe, na kitufe hakijali.

"Niletee tano nyingine," akamwambia fundi. "Za bibi harusi."

Bi Tunu akasogeza ungo wake inchi mbili hivi mbali na reli, akaendelea kuchambua.