Mkaguzi wa Kobe

Mkaguzi wa mizigo ya wanyama hupuliza viganja vipate joto kabla ya kumshika kobe, kisha humgeuza polepole kama mama anayembadilisha mwanawe nepi. Akikasirika, ndiyo kwanza hunong'ona. Leo kibali kinasema kobe arobaini wanaosubiri ndege, waende kuzalishwa ng'ambo, wamezaliwa bandani, hawakukamatwa porini. Yeye amewakuta na kupe kwapani, na magamba yenye makovu ya kuungua.

"Mama, karatasi zimekamilika," alisema mkubwa wake. "Gonga muhuri tukale."

"Banda gani hilo, bosi, linalopitiwa na moto wa nyika?" alinong'ona.

"Sheria inasoma karatasi, haisomi magamba."

Mkaguzi akamsukumia muhuri. "Basi gonga wewe, uandike na jina lako."

Mkubwa akatia mikono mfukoni, na ndege ikaondoka bila kobe.