Tanuri la Memsahibu

Juzi nilipokwenda Kilosa kumjulia hali shangazi, nilipita penye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Mabati yamekwenda, milango imekuwa kuni za watu. Nilijiandaa kusikitika, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliosoma chuo kikuu tukaota vitambi. Badala yake nikapandwa na hasira, tena ya zamani sana.

Baba alikuwa mpishi katika nyumba ile, enzi za Mwingereza. Mkate aliuoka kwenye tanuri la udongo nyuma ya jiko, na harufu yake ilitufikia kambini kwa vibarua, imechanganyika na uvundo wa mkonge uliokamuliwa. Kisha memsahibu, mke wa meneja, akaletewa tanuri la umeme kutoka Ulaya, jeupe kama sahani, likavutiwa waya kutoka nyumba kubwa, iliyopata umeme wake kwenye injini ya kiwanda. Lile la udongo likabomolewa. Jiko lilikuwa chumba cha peke yake uani. Tanuri lilipewa umeme. Mpishi hakupewa hata taa moja. Aliendelea na kibatari chake.

Asubuhi moja tanuri halikupata moto. Unga umeumuka, wageni wako njiani kutoka Morogoro. Memsahibu akaamua palepale: mpishi ameliosha kwa maji.

"Sijalimwagia maji, memsahibu. Nimelifuta kwa kitambaa kikavu," Baba alisema. "Labda umeme wenyewe haufiki. Humu hamna taa ya kutuonyesha."

"Injini inanguruma, huisikii? Wewe unajua nini habari za umeme?"

Akaja Mzungu fundi wa kiwandani, akalifungua tanuri skrubu moja moja, siku mbili nzima. Kila akilifunga na kulijaribu, baridi. Kabla hajamaliza, Baba alikwishafukuzwa kazi na kuambiwa tuhame kambi kabla ya Jumapili. Jirani yetu mkata mkonge, mtu asiyejua kunyamaza, alimpokea kwa kicheko: "Shemeji, umeme umeuunguza au umeukaanga?"

Mama hakucheka. Alikuwa akifungasha sufuria, na kuku wake anayeatamia alikwishampa mke wa jirani huyohuyo.

Siku ya tatu fundi akakumbuka kutazama kisanduku cha swichi kwenye baraza ya nyumba kubwa. Swichi ya jikoni ilikuwa imezimwa. Ufunguo wa kisanduku kile alikuwa nao meneja peke yake. Alizima swichi zote wakati wa radi, akawasha za vyumba vyake, ya jikoni akaisahau.

Ujumbe ulioletwa kambini ulikuwa mfupi: mpishi arudi, mkate unahitajika. Pole haikuwemo.

"Baba watoto, usiende," Mama alisema. "Kambi nzima imeambiwa wewe ni mharibifu. Nani atawaambia vingine?"

Baba alivaa kanzu yake ya kazi, akaenda.

Sasa injini imenyamaza, mkonge umemezwa na pori, na ilipokuwa kambi watu wanalima mahindi. Wazazi wangu hawapo. Mimi naweza kuandika kurasa ishirini juu ya ukoloni bila kuvuta pumzi. Lakini jioni ile aliporudi kazini, Baba alituletea maganda ya mkate wa wageni, nami nikayala yote, nikalamba na vidole. Yalikuwa matamu, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.