Vilima Visivyo na Watu

Si kweli kwamba mchoraji yule wa vilima hakujua kuchora watu. Wanaoeneza uvumi huo hawakuwahi kukanyaga chumba chake kinachonuka tapentaini, wala kuona vidole vyake, ambavyo sabuni ilishindwa kuvitoa kijani. Ukoo mzima ulichora: baba sura za watu, dada maua, yeye vilima na mabonde. Alichora akipiga mluzi, akirudi nyuma hatua moja na kufumba jicho.

Siku moja alimchora mwanamke akipanda kilima. Baba yake akaingia bila hodi.

"Mwanangu, shingo ya huyu mama imevunjika. Lete brashi."

Mwana akampa kwa mikono miwili, kama kila mara alipochora mtu na mzee akaja kumsahihisha. Mzee akatengeneza shingo, akaendelea na uso, hadi mwanamke akawa kazi ya mkono wake. Alipotoka, mwanawe alimkwangua mwanamke yule kwa kisu, akapaka nyasi.

"Sasa Baba hana pa kuingilia," alimwambia mkewe.

Hakuchora mtu tena. Hilo ndilo ambalo midomo isiyo na kufuli inaliita kukosa kipaji! Kumstahi mzazi ndiko kushindwa? Mkewe alikuwapo, aliona. Mengine ni ya nyumba yao, na hatayasema.