Mwani Mwekundu Usio Mwekundu

Nilipoanza kusomea mwani wa maji baridi, nyumbani kwetu Ukonga hakuna aliyeelewa kazi yangu, na mie mwenyewe sikuwa nimewazidi sana. Siku moja nilirudi kutoka kwenye kijito cha Pugu na chupa mkononi. Mama akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Huu ndio mwani mwekundu?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona wa kijani?"

Nikamweleza kwamba jina linafuata ukoo, si rangi. Wa baharini mara nyingi ni mwekundu kweli, lakini ndugu zake wa vijitoni huwa wa kijani, wa kahawia, hata wa buluu.

"Haya," akasema, kama mtu anayemjibu mgonjwa wa homa.

Ndani ya chupa kulikuwa na nyuzi zenye utelezi wa mlenda. Chini ya hadubini zilionekana kama shanga zilizotungwa. Kwenye jiwe nilikozitoa nilikuwa nimekwangua pia vishungi vifupi, vigumu, vya kahawia, nikaviandika kuwa mmea mwingine. Baadaye, huko Bunju, nikapata nyuzi za shanga zilizofanana kabisa na za Pugu. Hizo nikazihesabu kuwa aina moja.

Nikapeleka sampuli zote kupimwa vinasaba, majibu yakaja kinyume. Vishungi na nyuzi za Pugu ni kitu kimoja. Nyuzi za Pugu na za Bunju, zilizofanana kama mapacha, ni aina mbili. Nikajua tu nimechanganya vichupa. Nikarudia kazi yote, nikiandika lebo kwa herufi kubwa kama za chekechea. Majibu yakabaki yaleyale.

"Shikamoo, mwalimu," nilimwambia msimamizi wangu, mama wa makamo asiye na haraka. "Nadhani nimeharibu." Nikamwekea majibu mezani.

"Marahaba. Hujaharibu. Zile nyuzi huota kutoka kwenye vile vishungi. Mmea ni mmoja, maumbo mawili. Hao mapacha wako ndio wa kurudi kuwaangalia. Tazama tawi linalobeba kiungo cha kike."

Nikatazama mpaka macho yakatoka machozi. Kwenye mwani wa Pugu lile tawi lilikuwa limenyooka. Kwenye wa Bunju lilikuwa limejikunja kama mkia wa kinyonga. Nikafungua picha zangu za mwanzo za Bunju. Limejikunja humo pia. Nilikuwa nikiliangalia muda wote huo bila kuliona.

Mwalimu akalinganisha na maelezo ya aina zote zinazojulikana. "Wa Bunju haumo popote," akasema. "Ni mpya."

Mama aliposikia akapiga kigelegele, kisha akakikatiza katikati. "Mpya kivipi? Si ulikuwepo huko siku zote?"

"Ulikuwepo."

"Sasa upya wake uko wapi?"

Jumamosi akajifunga kanga, akataka nimpeleke Bunju akauone mwenyewe. Tukachuchumaa kando ya maji. Mawe yote yalikuwa na ukoga wa kijani.

"Ni upi?"

Nikagusa mmoja, nikagusa mwingine. Bila hadubini vidole vyangu havikujua lolote.

"Labda huu, mama," nilisema.

Akauangalia kwa heshima, muda mrefu.