Sauti ya Baba, Siku ya Kupima Shamba

Baba alirekodi maneno yake kwenye kompyuta yangu mwaka mmoja kabla ya kiharusi kumfunga ulimi. Alinitoa chumbani kwanza. "Utasikiza siku ya kupima shamba," aliniambia, nami nikatii, kwa kuwa Baba hakuwa mtu wa kubishiwa.

Siku yenyewe ilipofika, mpima ardhi alisimama uani kwetu Ndithini na vifaa vyake, baba mdogo akiwa kwenye kigoda, Baba kwenye kiti chake, kimya. Baba mdogo alidai mpaka uko kwenye safu ya mikonge. Sisi tulijua uko kwenye jiwe la mpaka, na kati ya mikonge na jiwe ndipo kilipo kisima chetu. Nilikuja na kompyuta nimnyamazishe kwa maneno ya Baba.

Windows ikanikataa. Rekodi ilikuwa upande huo wa diski, na nywila nilikuwa nimeisahau, maana siku hizi natumia Linux, niliyoiweka kwenye diski hiyo hiyo. Nilijaribu mara nne.

"Hiyo mashini iko na shida?" baba mdogo akauliza.

"Ngoja kidogo tu, baba mdogo."

"Tumengoja tangu asubuhi, mwiitu," akasema, akiniita binti kwa Kikamba, akamwonyesha mpima. "Huyu mtu ako na kazi ingine."

Nikaizima kwa hasira, nikawasha Linux, nikabofya sehemu ya Windows. Onyo likatokea: Windows haikuzimwa sawasawa, nikilazimisha faili zinaweza kuharibika. Kosa langu, mimi sina subira na vifaa. Niliogopa kweli. Betri ilikuwa inakaribia kuisha, na sauti ya Baba haikuwa na nakala popote. Nikaifungua kwa kusoma tu, nisiandike chochote humo, nikapekua folda moja moja hadi nikaiona. Nikavaa visikizi nihakikishe.

"Hiyo jiwe nilisongesha mimi," Baba akasema masikioni mwangu. "Nilikuwa na hasira. Mpaka ni mikonge. Hiyo kisima ni ya ndugu yangu. Mrudishieni."

Nikamtazama. Alikuwa ananitazama. Sijawahi kumkasirikia mtu hivyo: yaani aniachie mimi aibu yake! Ningeweza kusema faili imeharibika, na aliyejua ukweli hakuwa na ulimi wa kunibishia.

"Imekubali?" baba mdogo akauliza.

"Imekubali."

Nikachomoa visikizi, nikairudisha mwanzo, nikaongeza sauti.