Kiwanda Kilichofufuliwa Siku ya Sabato

Kiwanda cha unga wa ndizi cha pale Ikonge kimekufa mara tatu, na mara tatu serikali imekifufua. Ng'ambo ya barabara kuna kinu cha mama yangu cha kusaga mahindi na wimbi, ndicho kilichotusomesha. Hakijawahi kufa, kwa hiyo hakuna ofisa aliyewahi kukitazama.

Kila ufufuo huja na rangi mpya, mashine mpya, na unga wa bei ya kutupa hadi msaada uishe. Miezi hiyo wateja wa mama huvuka barabara bila hata kumsalimu. Kiwanda kikifungwa tena, hurudi na magunia yao na maneno matamu. Mimi hukasirika sana. Mama aliniambia tu kwamba safari hii hatamudu kuwangoja, atafunga.

Ufufuo wa tatu ulipangwa Jumamosi. Aliyeupanga alitoka Nairobi, bila shaka, maana wafanyakazi wote wa kiwanda ni Wasabato. Saa nne asubuhi mahema yalijaa watu, utepe ulikuwa mlangoni, na waendesha mashine walikuwa kanisani. Tuliwasikia wakiimba. Ofisa mkuu akaagiza atafutwe Mkatoliki yeyote anayejua kusaga. Akaletewa mama.

Alivuka na leso yake ya kazi, akaizunguka mashine, akakaza nati mbili, akaiwasha. Watu wakapiga makofi. Ofisa akatangaza kwamba kiwanda kimepona.

Nikashindwa kunyamaza. "Mheshimiwa, kiacheni kife. Huyu aliyekiwasha ndiye mnayemfilisi."

Ofisa akamgeukia mama kwa huruma ya kweli. "Mama, hata wewe kinu chako kikifa, tuletee barua. Serikali haiwezi kukutupa."

Jumatatu nilikuta kinu kimezimwa. Mteja mmoja, pengine wa mwisho, alikuwa amesimama na debe lake la wimbi, na mama anamweleza kwamba mashine imekufa. Aliponiona akanipa karatasi na kalamu.

"Andika kimekufa."

Nikamwambia kinu ni kizima, na kwamba mambo ya namna hii ndiyo niliyoyapinga mbele ya watu wote.

"Mwanangu, kimekuwa kizima miaka yote hii," akasema. "Nani alikuja kunipigia makofi?"

Niliona aibu, na sikujua ni kwa ajili ya nani. Nikaandika.