Bwawa la samaki uani kwangu Ifakara, na chujio la pumba lililowaua wa kwanza

Wakuu wa humu ndani, habari za mchana. Kama yupo aliyenizidi umri, shikamoo. Ninyi wengine wote marahaba, hata ambao hamjanisalimia.

Mimi ni Bibi Skola wa Lipangalala, Ifakara. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo mkiona herufi imekaa vibaya mnivumilie. Mjukuu wangu Paskalia ndiye alinifungulia akaunti hapa, lakini anayeandika ni mimi mwenyewe, kwa kidole kimoja.

Ninayosema yametokea uani kwangu. Waliohusika nitawataja kwa majina. Ni majirani zangu, na wote wamesema sawa.

Nasoma humu watu wanauliza namna ya kufuga samaki nyumbani kwa bajeti ndogo, na maji yasioze. Nitaeleza. Ila lazima nianze na sababu, maana ukisikia mtu anachimba bwawa la samaki Ifakara utamcheka.

Jirani yangu Mwajuma alicheka. Aliniona na jembe nyuma ya jiko, akaniuliza kama nimekosa nauli ya bajaji ya kwenda Kivukoni, mtoni, maana kule samaki wamejaa mpaka paka wanachagua.

Kisha akanyamaza mwenyewe. Alikumbuka.

Mwanangu wa kwanza, Yohana, alikuwa mvuvi. Alitoka na mtumbwi wakati wa masika, mto umefurika mpaka kwenye mashamba ya mpunga. Mtumbwi ulionekana umenasa kwenye matete. Yeye hakuonekana.

Waliomtafuta nawakumbuka wote. Selestini, Damasi, Hamisi mume wa Mwajuma, Beno na mdogo wake Titusi, na katekista wetu Ansigari ambaye hajui kuogelea lakini alipanda mtumbwi hivyo hivyo. Walitafuta mpaka maji yakapungua. Hawakupata hata shati.

Sasa, ukoo wa mume wangu, Mzee Alfonsi, ni watu wa mtoni kabisa na wana utaratibu wao. Mto ukichukua mtu wa nyumba, nyumba hiyo inaacha samaki wa mto huo mpaka mtu wao apatikane azikwe. Akishazikwa, wanapika samaki, wanakula wote pamoja, basi, imekwisha.

Sisi hatukuzika. Kwa hiyo haikwisha.

Miaka imepita tunakula maharage, mchicha, kisamvu, kuku siku ya sikukuu. Najua mtauliza, dagaa wa ziwani je? Mzee alijaribu, akaacha, akasema harufu ni ileile. Wale samaki wa barafu sokoni nao muuzaji mwenyewe hajui wametoka maji gani.

Mimi ni mtu wa upande wa Mahenge, nimekuja huku kuolewa. Mlimani hatuna utaratibu huo. Lakini mtoto ni wetu wawili, nikaufuata.

Halafu mwaka jana Mzee akaanza kuumwa miguu. Ikavimba, ikapungua, ikabaki haina nguvu. Hospitali wakasema ale vizuri, ale samaki na mayai. Mayai alikula kidogo, akayachoka. Uji akawa anaunywa nusu kikombe. Mkono wake nikiushika nilikuwa nausikia mfupa mtupu.

Siku moja mchana amekaa kwenye kiti chake cha kamba, akasema, "Nina hamu ya perege."

Wakuu, alikuwa hajataja samaki tangu kipindi kile. Nikamuuliza kama nimletee.

Akasema, "Utamleta kutoka wapi? Yule nitakayemla, nitajuaje na yeye alikula nini?"

Nilikwenda jikoni nikakaa tu na sufuria mikononi.

Hapo ndipo wazo la bwawa lilipokuja. Samaki ambaye hajawahi kuuona ule mto. Nilijua nikichelewa huyu mzee atakufa na hamu yake.

Haya, tuje kwenye kazi yenyewe.

Shimo alichimba Beno pamoja na Tadei, fundi matofali. Ukubwa kama vitanda viwili vimeunganishwa, kina mpaka kiunoni kwangu. Na mimi ni mfupi. Kingo tuliziinua juu ya uwanja, tukazishindilia vizuri, ili masika yakija maji ya mtaani yasiingie. Hilo nililisimamia mwenyewe, kwa sababu maji ya mtaani kwetu wakati wa masika ndiyo maji ya mto yenyewe yamekuja kutembea.

Ndani tulipiga udongo wa kichuguu uliopondwa, juu yake nikatandika turubai la kuanikia mpunga. Nyumba gani hapa haina turubai la kuanikia mpunga? Langu lilikuwa na matundu, nikalitia viraka vya mpira wa baiskeli kwa gundi ya fundi baiskeli. Mpaka leo halijavuja.

Maji nilichota kisima cha Mwajuma. Kucheka alicheka, lakini ndoo nyingi kabeba yeye kuliko mimi.

Vifaranga nilivifuata mwenyewe kwa mfugaji wa upande wa Mang'ula, mama mmoja anaitwa Eufrasia, ambaye maji yake yanashuka mlimani moja kwa moja. Nilimuuliza mara mbili kama maji yale yamepita mtoni. Akasema, bibi, mto uko bondeni, maji yanapandaje mlima? Nikaridhika.

Mzee nilimweleza yote hayo.

Mwanzo samaki walichangamka. Baada ya muda maji yakawa kijani, halafu mazito, yakaanza kunuka. Kumwaga yote na kuchota upya ni ndoo nyingi, na kisima kiangazi kinatoa maji kidogo. Pampu ya umeme sina uwezo nayo. Nikaamua kutengeneza filta.

Nilichukua pipa la plastiki, nikaliweka juu ya matofali kando ya bwawa, Tadei akatoboa tundu chini na kuweka kipande cha bomba kinachomwaga bwawani. Unachota maji ya bwawa kwa kopo, unamimina juu ya pipa, yanapita ndani, yanarudi yamechujwa. Hapo niko sahihi.

Kosa likaja kwenye cha kuweka ndani ya pipa.

Mnajua Ifakara pumba za mpunga ndiyo kila kitu. Tunachomea matofali, tunapikia, tunalisha kuku, tunajaza kwenye matope ya barabara. Kwenye mashine wanakupa bure ukazoe. Nikajisemea, pumba zinashika kila uchafu, basi zitashika na huu. Nikalijaza pipa pumba mbichi mpaka juu.

Siku ya kwanza maji yalitoka meupe kama yaliyooshewa mchele. Nikadhani ndiyo usafi. Siku zilizofuata yakaanza kunuka kama pombe ya kienyeji iliyolala. Asubuhi moja nikakuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanavuta hewa kama watu.

Mpaka mchana walikuwa wamelala ubavu.

Mzee alikuwa kitini pale pale, aliona kila kitu. Nilikuwa nawaokota na ungo. Akasema, taratibu tu, "Hata hawa wamekataa."

Jioni uji hakuugusa. Kesho yake pia hakuugusa. Mwajuma alikuja na ndizi za kuchemsha akambembeleza, shemeji kula, shemeji kidogo tu, akageuza uso ukutani. Ansigari akaja na watu wa jumuiya wakasali. Nilipomsindikiza Ansigari mlangoni aliniambia nijiandae. Sikukasirika, alisema kwa upole. Lakini sikujiandaa.

Tadei alipita kuchukua koleo lake. Akachungulia pipa, akanusa, akaniangalia.

Akasema, "Bibi, hawa umewapikia pombe. Wamekufa wamelewa."

Wakuu, nilicheka. Nilikuwa sijacheka muda mrefu, nikacheka na machozi yakatoka hapo hapo. Na yeye akaona aibu, akakaa chini nami.

Akasema pumba mbichi zinaoza, na zikioza zinamaliza hewa kwenye maji. Akaniambia niende kwenye tanuru lake, pembeni ambako moto haufiki vizuri, nizoe zile zilizoungua zikawa nyeusi kama mkaa. Yule mwanaume mweusi kwa moshi alinibebea mwenyewe viroba kwenye baiskeli yake.

Kwa hiyo andikeni hili. Pumba iwe NYEUSI. Ikiwa mbichi itaoza. Ikiungua mpaka ikawa jivu jeupe nayo ni mbaya, maji yatakuwa makali. Mwagia maji ikiwa bado nyeusi, halafu ioshe mpaka maji yatoke safi.

Pipa tukalipanga upya. Chini kabisa kokoto. Juu yake vipande vya matofali yaliyovunjika. Halafu ule mkaa wa pumba, kiasi kikubwa. Halafu mchanga uliooshwa. Juu kabisa kipande cha chandarua chakavu cha kushika majani na uchafu mkubwa, hicho unakifua kila siku. Kati ya mkaa na mchanga nako weka chandarua, la sivyo vitachanganyika.

Na bomba lisimwage kwa chini. Liinue, maji yaanguke yakipiga kelele, ndiyo samaki wanapata hewa.

Tukaliacha pipa lifanye kazi bila samaki kwa muda mrefu, mpaka maji yakakaa vizuri. Ndipo nikarudi kwa Eufrasia. Safari hii nilichukua vifaranga wachache. Mara ya kwanza niliwajaza kama abiria.

Siku nilipowamwaga bwawani, Mzee aliniita. Alikuwa ameanza kukubali uji mwepesi, kwa shida. Akaniuliza maji ya kisima cha Mwajuma yanatoka wapi.

Ningeweza kumdanganya, wakuu. Lakini mtu aliyezaliwa ukingoni utamdanganya nini kuhusu maji? Nikamwambia, mto ukipanda na kisima kinapanda. Ni maji ya mto yamepita chini ya udongo.

Nilipomaliza kusema nikajuta. Halafu akasema nimsogeze.

Nikamwita Beno, tukamnyanyua na kiti chake mpaka karibu na pipa. Akaweka mkono chini ya bomba. Akayaacha maji yajae kiganjani, akayanusa.

"Yamepita wapi haya?"

Nikamtajia. Chandarua, mchanga, mkaa, matofali, kokoto.

Akayamwaga bwawani polepole. Akasema, "Yapite tena."

Akachukua kopo kutoka mkononi mwangu, akachota kwa kuinama pale pale kitini, akamimina. Nusu ilimwagikia magoti. Akachota tena.

Tangu hapo ikawa kazi yake. Akiamka ananiuliza kiti kiko wapi. Asubuhi anamimina, jioni anamimina. Mwajuma akipita anamtania kwamba ameajiriwa na idara ya maji, na yeye anamjibu kwamba mshahara bado haujatoka. Uji akawa anamaliza kikombe, maana kuchota kunachosha. Mimi nililiita bwawa la bajeti ndogo, lakini pampu yenyewe ilikuwa ni mzee mgonjwa.

Masika yakaja. Mto ulipanda, mtaani tulivaa mabuti, watu wa bodaboda walikuwa wanasukuma pikipiki. Maji yalifika kwenye kingo za bwawa letu, yakasimama pale. Mzee alikaa barazani anayaangalia mpaka yaliporudi. Hayakuingia.

Mpunga mpya ulipoanza kuingia sokoni, samaki walikuwa wametosha kiganja cha mtu mzima. Ni yeye aliyesema, "Mtoe yule mwenye doa mkiani."

Nilimpika mchuzi tu, nyanya na ndimu, chumvi, sikuweka mbwembwe. Wali wa mchele mpya. Nikaweka mezani, nikamnawisha.

Alifanya ishara ya msalaba. Halafu alikaa akimtazama samaki kwenye sahani, nikasema moyoni, hatamla. Nimejisumbua bure.

Akachambua mwiba, akaweka kipande mdomoni. Akatafuna muda mrefu kweli. Akameza. Akachukua kingine.

Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kikombe cha maji, kama mhudumu.

Akainua uso akasema, "Mama Yohana, mbona huli?"

Wakuu, tangu ule mtumbwi urudishwe nyumbani, alikuwa ananiita bibi, kama wajukuu wanavyoniita. Jina lile hakulitamka, langu wala la mtoto.

Nikavuta kigoda. Akanisogezea sahani. Tukala kwenye sahani moja mpaka tukabakiza miiba.

Yeye yupo, ndiye huyo namsikia nje anamimina. Miguu haijapona na hospitali wamesema haitapona. Nimekubali.

Nilichojifunza ni hiki. Kwenye filta, choma pumba zako, na zikichafuka pipani usizioshe zote siku moja, na uzioshe kwa maji ya bwawa lenyewe, ukitumia maji mapya yote samaki wanayumba. Na mgonjwa akikwambia ana hamu ya kitu, usimwambie haiwezekani kabla hujashika jembe.

Mwenye uzoefu wa kuchanganya kambale na perege kwenye bwawa dogo aniambie, naogopa kambale atakula wenzake.

Na kama yupo humu ambaye maji yalichukua mtu wake na hakurudishwa, aniandikie hapa chini kwao wanafanyaje. Aweke na jina la mtu wake. Nitalikumbuka.